Saratani ya matiti inayolishwa na homoni: Dawa mpya zinavyolenga 'maungio' ya protini

Ukitaja Keko, watu wengi wanawaza makochi, vitanda na makabati. Ni kweli, mafundi wa pale wamejaza nyumba nyingi za Dar es Salaam. Lakini Keko ina jambo lingine: makao makuu ya Bohari ya Dawa, MSD, yapo Keko Mwanga, na kiwanda cha dawa cha Keko nacho kipo hukohuko wilayani Temeke.

Fundi wa kabati na mtengenezaji wa dawa wana jambo moja linalowaunganisha. Wote wanajua kwamba kitu kikubwa kinasimama au kuanguka kwa sababu ya maungio. Kabati linaweza kuwa la mninga safi, lakini kichwa cha mbao kisipokaa kwenye tundu lake, linayumba.

Ndani ya seli ya mwili hali ni hiyohiyo. Protini zinashikana, zinaachana, zinashikana tena. Katika aina kubwa zaidi ya saratani ya matiti, kuna maungio fulani ambayo yakikaa sawasawa, uvimbe unakua. Yakizuiwa, uvimbe unakosa amri ya kukua.

Hapo ndipo wanasayansi wanapopigana sasa hivi. Na ndipo pia jibu la swali hili lilipo: kwa nini mama mmoja anapewa kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka 5, na mwenzake mwenye ugonjwa wa jina hilohilo hapewi?

Inalishwa na homoni, maana yake nini?

Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Duniani, kwa takwimu za mwaka 2022, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo na takriban 670,000 walifariki. Kati ya hao, walio wengi walikuwa na uvimbe unaotegemea homoni ya kike iitwayo estrojeni.

Estrojeni yenyewe si adui. Ni homoni ya kawaida, inayokuza matiti, kupanga hedhi na kulinda mifupa. Ila seli ya titi ikishageuka kuwa ya saratani huku bado ina protini ya kuipokea homoni hiyo, estrojeni inakuwa kama mbolea shambani: inakuza mazao na magugu pia.

Protini hiyo inaitwa kipokezi cha estrojeni. Uvimbe wenye vipokezi hivi madaktari huuita chanya kwa homoni. Usio navyo ni hasi, na dawa za kuzuia homoni hazitausaidia.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1896, miaka ileile Wajerumani walipokuwa wanajenga hospitali pale Ocean Road, daktari wa Uskochi George Beatson aliandika kwamba kuondoa ovari za mwanamke kulisinyaza saratani yake ya titi. Alijua kuna uhusiano, hakujua ni upi. Ilibidi kusubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ambapo Elwood Jensen wa Chicago alionyesha kwamba kuna protini mahususi inayoishika estrojeni.

Na wanaume je? Nao wanapata, ingawa ni wachache: takriban mgonjwa 1 kati ya 100. Wengi wao uvimbe wao pia ni chanya kwa homoni.

Kabati, mlango na tundu

Sasa tuingie ndani kidogo. Chukulia kipokezi cha estrojeni ni kabati dogo lenye mlango mmoja.

Estrojeni inaingia ndani ya kabati. Ikishakaa, mlango unajifunga juu yake. Mlango ukifunga vizuri, kwa nje ya kabati linatokea tundu dogo. Tundu hili halikuwepo sawasawa kabla mlango haujafunga.

Halafu inakuja protini nyingine, tuiite protini msaidizi. Ina kipande kilichojisokota kama springi, chenye vijino vyake. Vijino vinaingia kwenye lile tundu, kak! Zimeungana.

Protini msaidizi ikishashika, inaita wenzake, na kwa pamoja wanawasha jeni zinazoiambia seli: gawanyika, ongezeka.

Kwa hiyo estrojeni peke yake haikuzi uvimbe. Kazi yake ni kufunga mlango. Kinachowasha moto ni muungano wa protini mbili, kipokezi na msaidizi wake.

Hii si hadithi ya kubuni. Mwaka 1997 na 1998 wanasayansi walichapisha picha za umbo la kipokezi hiki, zilizopatikana kwa kupiga mionzi ya eksirei kwenye fuwele za protini. Zilionyesha mlango ukiwa umefungwa na msaidizi ameshika, na zikaonyesha pia mlango huo unavyokaa dawa inapoingia.

Picha hizo ziko wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa kemia pale DUCE, Chang'ombe, akiwa na bando tu anaweza kuingia kwenye hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini, akaandika 3ERT, na akazungusha kwenye kioo cha simu kipokezi chenye dawa ndani yake. Bure kabisa.

Tamoksifeni: kitu kirefu ndani ya kabati

Dawa hiyo ni zao la tamoksifeni, ambayo kwenye boksi utaiona imeandikwa Tamoxifen. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962 nchini Uingereza na mkemia Dora Richardson, katika kampuni ya ICI. Wakati huo walikuwa wanatafuta dawa ya uzazi wa mpango! Kwa kazi hiyo haikufaa. Mwaka 1971 madaktari wa Manchester wakachapisha majaribio yake ya kwanza kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, na mambo yakabadilika.

Inafanyaje kazi? Inaingia kwenye kabati lilelile, mahali pa estrojeni. Lakini ina mkia mrefu. Ni kama umeingiza fagio lenye mpini mrefu kabatini: mlango haufungi. Mlango unaporuka pembeni, unakwenda kuegemea palepale penye tundu na kulifunika. Protini msaidizi inakuja, inakuta pameshazibwa.

Umeona? Hata dawa hii ya zamani, siri yake ni kuvuruga maungio ya protini. Ila inafanya hivyo kwa kuzunguka, kupitia mlango.

Matokeo yake si madogo. Uchambuzi mkubwa wa majaribio mengi duniani, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye uvimbe chanya, kumeza tamoksifeni kwa takriban miaka 5 kunapunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kidonge kimoja kwa siku. Hadi leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: dawa hiyohiyo inayozuia estrojeni kwenye titi, kwenye mfuko wa uzazi inaweza kufanya kama estrojeni. Sababu ni kwamba kila kiungo cha mwili kina protini wasaidizi wake na kwa viwango tofauti. Ndiyo maana mwanamke anayemeza tamoksifeni, hasa aliyekoma hedhi, akiona damu ukeni asinyamaze. Amwambie daktari mapema.

Madhara mengine ni kusikia joto la ghafla mwilini, na kwa wachache damu kuganda kwenye mishipa. Pia haifai kwa mjamzito.

Kwa nini dawa inagoma baadaye?

Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa ugonjwa ukiwa umesambaa, dawa za homoni hufanya kazi miezi au miaka, kisha zinagoma.

Sababu moja inayojulikana vizuri ni mabadiliko kwenye jeni ya kipokezi chenyewe. Jeni hiyo inaitwa ESR1. Herufi moja ikibadilika mahali fulani, kabati linapata mlango unaojifunga wenyewe hata kama ndani hamna kitu. Tundu linakuwa wazi muda wote, na msaidizi anashika muda wote.

Hali hii hujitokeza zaidi kwa waliotumia muda mrefu dawa kama anastrozoli na letrozoli. Dawa hizi kazi yake ni kuzuia mwili usitengeneze estrojeni. Lakini kama mlango unajifunga bila estrojeni, kuzuia estrojeni kutasaidia nini?

Njia mpya tatu

*Ya kwanza: kubomoa kabati.* Kuna dawa zinazoingia kwenye kipokezi na kukiharibu hadi seli inakiondoa. Fulvestranti, ambayo ni sindano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002. Mwaka 2023 ikaidhinishwa elasestranti, ambayo ni kidonge, kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya ESR1 ambao ugonjwa umeendelea licha ya dawa za awali.

*Ya pili: kuunganisha kipokezi na wazoa taka.* Hii inatumia ujanja. Kila seli ina mfumo wake wa usafi: kuna protini zinazobandika alama kwenye protini chakavu, na mashine ya kuzisaga. Wazo lililoanza kuchapishwa 2001 ni kutengeneza dawa yenye ncha mbili kama kulabu. Ncha moja inanasa kipokezi, nyingine inanasa protini ya kubandika alama. Protini mbili ambazo zisingekutana zinakutanishwa kwa nguvu, kipokezi kinabandikwa alama, kinasagwa.

Dawa ya vepdegestranti imetengenezwa hivyo. Matokeo ya jaribio lake kubwa yalitoka 2025. Kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya ESR1, ugonjwa ulidhibitiwa kwa wastani wa miezi 5, ukilinganisha na miezi 2.1 kwa waliochomwa fulvestranti. Lakini walipohesabiwa wagonjwa wote kwa pamoja, tofauti haikuwa ya kutosha kusema dawa mpya imeshinda. Kwa hiyo ni hatua, si muujiza.

*Ya tatu: kuziba tundu lenyewe.* Hii ndiyo inayogusa maungio moja kwa moja. Badala ya kuhangaika na mlango, kwa nini usiweke kizibo kwenye tundu ambalo msaidizi anashika?

Ni rahisi kusema, ngumu kufanya. Sehemu nyingi ambapo protini hushikana ni pana na bapa, kama mbao mbili zilizopigwa randa na kugandishwa. Dawa ya kumeza ni kitu kidogo sana, haipati pa kung'ang'ania. Kwa miaka mingi wakemia waliona maungio ya protini ni eneo lisiloguswa na dawa.

Bahati nzuri, tundu la kipokezi cha estrojeni ni dogo na lina umbo linaloeleweka. Watafiti wa Texas, Marekani, wakiwemo Ganesh Raj, Ratna Vadlamudi na mkemia Jung-Mo Ahn, waliangalia kile kipande cha springi cha protini msaidizi, kisha wakabuni kemikali ndogo yenye 'vijino' vilivyokaa kwa mpangilio unaofanana nacho. Ni kama fundi anayechonga kichwa cha mbao cha bandia ili kijaze tundu, kile halisi kikija kisipate nafasi.

Waliiita ERX-11. Katika utafiti wao wa mwaka 2017, ilizuia kipokezi kushikana na wasaidizi wake na kupunguza ukuaji wa uvimbe kwa panya. Ilifanya kazi pia kwenye vipande vya uvimbe wa binadamu vilivyowekwa maabara, na hata kwenye seli zilizokuwa sugu kwa dawa za kawaida.

Faida yake kimawazo ni kubwa. Hata kama mlango umeharibika na unajifunga wenyewe, tundu likizibwa, msaidizi hashiki. Ila tuelewane: panya si binadamu. ERX-11 si dawa ya dukani, na mtu akikwambia anakuuzia, anakudanganya.

Hili linamhusu vipi mama wa Temeke?

Linamhusu sana, kwa sababu dawa zote hizi, ya 1962 na za kesho, zina sharti moja: lazima ijulikane kama uvimbe una kipokezi. Kama kabati halipo, huna mlango wa kuzuia wala tundu la kuziba.

Jibu hilo linatoka kwenye kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Wataalamu wa patholojia, kama wale wa Muhimbili, wanakipaka rangi maalumu inayoonyesha kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni, na protini nyingine iitwayo HER2.

Tatizo ni kwamba vipokezi hivi huharibika haraka kipande kisipotunzwa vizuri. Mwongozo wa kimataifa unataka kiingizwe kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu kukatwa, na kikae humo kwa muda wa kati ya saa 6 na saa 72. Kikicheleweshwa, kikisahaulika wikiendi nzima, au fomalini ikiwa mbovu, kipimo kinaweza kusoma hasi wakati ukweli ni chanya.

Na hilo si la kufikirika. Mwaka 2014, watafiti walikusanya tafiti za nchi nyingi za Afrika. Kwenye sampuli zilizochukuliwa upya kwa ajili ya utafiti, wagonjwa wapatao 59 kati ya 100 kusini mwa Sahara walikuwa chanya kwa estrojeni. Kwenye sampuli zilizotolewa stoo, idadi ilikuwa chini zaidi. Sehemu ya ile kauli ya 'Waafrika dawa za homoni haziwasaidii' huenda imetokana na namna sampuli zilivyotunzwa.

Fikiria maana yake. Mama ana uvimbe chanya, kipimo kimeharibika, kinasema hasi. Ananyimwa kidonge ambacho kingemwongezea miaka. Hakuna aliyekusudia, lakini ndivyo inavyokuwa.

Na ini lako nalo lina neno

Kuna jambo jingine linalotugusa Watanzania. Tamoksifeni ukiimeza, ini huibadilisha kuwa kemikali yenye nguvu zaidi, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Utafiti wa Watanzania uliochapishwa 1999 uliona kwamba kwa wengi kimeng'enya hiki kinafanya kazi polepole zaidi, na kwamba aina ya jeni inayoitwa *17, inayokipunguza kasi, ni ya kawaida hapa kwetu.

Je, hiyo ina maana dawa haifanyi kazi kwetu? Hapana. Wataalamu bado wanajadiliana uzito wake, na kipimo cha jeni hiyo hakijawa utaratibu wa kawaida wa matibabu. Usipunguze wala kuongeza dozi kwa sababu ya kusoma hapa. Ila kuna dawa zinazokizuia kimeng'enya hiki kabisa, zikiwemo fluoksetini na paroksetini za kutibu sonona. Ukiwa unatumia tamoksifeni, mwambie daktari kila dawa unayomeza, na za miti shamba usizifiche.

Maswali ya kuuliza kliniki

Tathmini ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake wanaogundulika Tanzania hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa hiyo jambo la kwanza bado ni lilelile: ukigusa uvimbe usiouma kwenye titi, chuchu ikirudi ndani, ngozi ikiwa kama ganda la chungwa au chuchu ikitoa damu, usisubiri uume. Nenda kituo cha afya, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke au popote palipo karibu, upewe rufaa.

Ukishakatwa kipande, wewe au ndugu yako mna haki ya kuuliza:

• Daktari, kipande kimewekwa kwenye fomalini saa ngapi, na kinapelekwa maabara lini?

• Kipimo cha vipokezi vya homoni kimeagizwa, au ni kile cha kuthibitisha saratani tu?

• Majibu yangu ni chanya au hasi, na naomba nakala nibaki nayo.

• Kama ni chanya, nitatumia dawa gani na kwa miaka mingapi?

• Ugonjwa ukirudi, tutapima upya? Vipokezi vinaweza kubadilika.

Usione aibu. Ukiuliza kwa heshima, daktari mzuri hatakasirika, atafurahi.

Na kama tayari umeandikiwa tamoksifeni, adui mkubwa ni kuiacha katikati kwa kuwa 'najisikia mzima'. Uvimbe ulioondolewa unaweza kuwa umeacha seli chache zilizolala. Kila siku unayomeza kidonge, kwenye seli hizo mlango haufungi na tundu linabaki limefunikwa. Ukiacha, estrojeni inarudi kwenye nafasi yake na msaidizi anashika tena.

Dawa za kuziba tundu moja kwa moja zinaweza kufika siku moja, zikapokelewa MSD pale Keko na kupakiwa kwenda mikoani. Zikifika, swali la kwanza la daktari litakuwa lilelile la leo: mama, majibu yako ya vipokezi unayo?